Bwana Huenda na Daktari wa Masikio

Kantini ya hospitali ile, saa ya mchana, haikuwa na adabu. Manesi walipita na trei juu ya vichwa vya watu, wanafunzi wa udaktari walikalia viti vya wakubwa wao, na foleni ya chai ilijikunja mpaka mlangoni. Katikati ya foleni hiyo alisimama daktari wa masikio, mwanamke mrefu wa kuvuta macho, kofia ya upasuaji yenye maua ya njano bado kichwani, viatu vya mpira vya kijani miguuni, simu kaibana kati ya sikio na bega, na mkononi karatasi aliyoipunga kama mtu anayefukuza nzi.

"Hebu sikia huyu mtu alivyoandika," alimwambia aliyekuwa upande wa pili wa simu. "'Huenda mfupa umeliwa. Yawezekana haujaliwa. Inashauriwa kulinganisha na hali ya mgonjwa.' Dada yangu, hali ya mgonjwa ninayo, ndiyo maana nikampeleka kwenye mashine ya CT! Huyu akimkuta tembo kasimama barabarani ataandika: mnyama mkubwa, ana mkonga, yaelekea ni tembo, ila twiga bado hawezi kuondolewa."

Foleni nzima ilicheka. Mwanamume aliyesimama nyuma yake hakucheka. Alivaa shati la samawati lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingekata mkate, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo, ya mtu anayeshinda kwenye chumba cha giza.

"Inategemea," alisema.

Daktari aligeuka. "Inategemea nini?"

"Kasimama umbali gani. Huyo tembo."

Daktari alimtazama kuanzia miwani mpaka viatu, kisha akairudisha simu mdomoni. "Dada, nitakupigia. Mwenyewe yuko nyuma yangu." Akamgeukia. "Ni wewe?"

"Yaelekea ni mimi."

Angekuwa mtu mwingine, daktari angemtolea maneno. Lakini yule bwana aliyasema bila kutabasamu, kwa huzuni ya mtu anayesoma matokeo ya kipimo, na daktari akajikuta anacheka mpaka chai ya jirani ikamwagika. Walikaa meza moja. Kabla vikombe havijapoa daktari alikwisha kumpa jina, na jina likamganda: Bwana Huenda.

Mapenzi yao yalikwenda kama gari bovu kwenye mlima: yalikwenda, lakini kwa kelele. Daktari alikuwa mtu wa kukata. Asubuhi anaona, mchana anaamua, jioni kazi imekwisha. Bwana Huenda alishinda mbele ya skrini akisoma vivuli, na huko gizani alijifunza somo moja ambalo lingemtoa mtu yeyote machozi ya hasira: anayesema "ndivyo" akakosea huitwa kikaoni ajieleze, anayesema "huenda" hulala usingizi. Basi akasema huenda kazini, akasema huenda mezani, akasema huenda hata kwenye simu.

"Umefika nyumbani, laazizi?" daktari alimpigia jioni moja.

"Nimefika."

"Umenikumbuka?"

"Dalili zipo."

"Dalili gani, we mwanaume?"

"Nimemimina chai kwenye bakuli la sukari."

"Ndiyo nini sasa?"

"Inaendana na kukukumbuka."

"Lakini sababu nyingine hazijaondolewa, sivyo?"

"Kwa kweli hazijaondolewa. Balbu ya jikoni imeungua."

"Nitakuja hapo na keekee yangu ya kutobolea mifupa nikufungue hicho kichwa nione kilichomo!" Akakata simu, akacheka peke yake, akakasirika kwa kuwa amecheka, akampigia tena kumwambia alale salama.

Aliyemfahamu bwana huyu kuliko wote ni shangazi yake. Ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, na mpaka leo walikaa nyumba moja. Shangazi alikuwa msusi. Chumba cha mbele cha nyumba ndiyo saluni yake: kioo kirefu, viti viwili, kreti la rasta za kila rangi, na maneno. Wateja walikuja kusuka, lakini walirudi kwa ajili ya maneno. Kichwa kikiwa mikononi mwa shangazi, mdomo wa mwenye kichwa hufunguka wenyewe.

"Huyu daktari utamuoa?" alimuuliza mpwa wake mbele ya wateja.

"Tunaelekea huko, shangazi."

"Mnaelekea! Hata kobe alikuwa anaelekea, baba, lakini yeye alifika."

Kisha shangazi akaugua. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, ile inayompiga mtu asubuhi na jioni hajui jina lake. Walimwokoa. Alipofumbua macho aliomba maji, akanywa, akamtazama mpwa wake, akauliza kwa sauti ya kutisha wodi nzima: "Mbona mnachezesha midomo bila kusema? Mna nini nyie?"

Masikio yote mawili yalikuwa yamekwenda.

Shangazi akarudi saluni, lakini msusi asiyesikia anasuka nywele tu. Wateja walimwandikia kwenye simu kwa herufi kubwa, mara ya kwanza kwa huruma, mara ya pili kwa uvivu, mara ya tatu wakaenda kwa msusi wa mtaa wa pili. Shangazi alikaa mbele ya kioo chake akitazama barabara inayopita kimya.

Daktari wa masikio alimpima mwenyewe, kisha akamwita Bwana Huenda ofisini na kufunga mlango.

"Lisikilize hili, mpenzi, na usinikatize. Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji umejikunja kama konokono. Mimi nitapitisha humo waya mwembamba, waya ndio utakaosema na ubongo badala ya sikio. Akiwekewa atasikia. Lakini homa hii ikiondoka inaacha kidonda ndani ya konokono, na kidonda kile kinageuka mfupa. Mfupa ukijaa, hakuna pa kupitisha waya. Tukichelewa mlango unafungwa, na ukifungwa umefungwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kwa hiyo nataka CT, nataka njia, na nataka mapema. Hakuna kuelekea hapa."

Njia ndiyo iliyokuwa mashaka. Kumfikia konokono ni lazima utoboe mfupa wa nyuma ya sikio, upite kwenye ufa mwembamba ambao ukutani mwake inapita neva ya uso. Ukiikwaruza neva hiyo, upande mmoja wa uso unaanguka: jicho halifumbi, mdomo unakwenda pembeni, chai inamwagika kifuani. Ndiyo maana kwanza mashine hulikata sikio kwa picha, vipande vyembamba kama mkate wa kuokwa, ili daktari aitembee njia yote kwa macho kabla ya kushika keekee.

Kwa utaratibu, mtu hasomi picha za mtu wake. Lakini hospitali nzima ilikuwa na msomaji mmoja tu wa picha za masikio, na ndiye huyo. Picha zikaja, akazisoma, akazisoma tena, jasho likamtoka. Pale neva ya uso inapokata kona, aliona mistari miwili. Aliandika: "Neva ya uso inaonekana kugawanyika. Huenda ni maumbile. Huenda mgonjwa alitikisika. Inashauriwa kurudia picha."

Daktari alisoma, akapandisha pumzi, akaishusha, akapanga tarehe ya upasuaji.

Simu ikalia.

"Mpenzi, umeisoma ripoti?"

"Nimeisoma."

"Nimeshauri picha irudiwe."

"Umeshauri. Kila mtu unashauri arudiwe! Yule mlinzi aliyeteguka kidole ulishauri arudiwe. Watu wenye haraka hawana nafasi kwenye mashine kwa sababu ya watu unaowarudia."

"Hii ni tofauti."

"Tofauti vipi? Niambie. Nimekaa, nasikiliza."

Hapo ndipo angesema: ninaogopa, usikate, neva hii siielewi na huyu ndiye mama niliyebaki naye. Maneno yalifika kooni. Kilichotoka mdomoni ni hiki: "Inawezekana kuna tofauti."

"Haya, kwaheri."

Sasa tazama mtu mzima mwenye vyeti ukutani anavyofanya. Badala ya kupanda ghorofa moja akagonge mlango wa mpenzi wake, Bwana Huenda alizituma picha zile kwa profesa mmoja mzee wa mji mwingine, bingwa wa masikio, na kumwomba maoni. Hakujua, na angeuliza angejua, kwamba profesa yule ndiye aliyemfundisha daktari kushika keekee.

Profesa alimpigia daktari asubuhi. "Mwanangu, nimeletewa picha za mgonjwa wako. Nisingemfungua huyu kwa picha hizi. Unaharakia nini?"

Daktari alishuka ngazi mbili mbili. Alimkuta Bwana Huenda mbele ya lifti iliyojaa watu, na milango ya lifti, kwa kiherehere chake, ikawa inafunguka na kujifunga wakati wote wa ugomvi.

"Umenipeleka kwa mwalimu wangu kama mtoto aliyeiba sukari!"

"Sikujua kuwa ni mwalimu wako."

"Angekuwa nani basi ingekuwa sawa? Ungeniambia mimi! Ungesema, 'Siuamini mkono wako.' Ni maneno machache."

"Mkono wako nauamini. Picha ndiyo..."

"Picha ndiyo nini? Huenda nini?"

Milango ikafunguka. Watu wa ndani walitoa macho. Mmoja akauliza kama kuna anayepanda.

"Hakuna anayepanda!" alisema daktari. Kisha kwa sauti ya chini, ambayo ilimuumiza bwana kuliko makelele: "Nimechoka kukaa na mtu ambaye hata ugomvi hauthibitishi. Mtafutie shangazi yako daktari mwingine. Na mimi usinipigie."

Akaondoka, viatu vya kijani vikilia kwenye sakafu. Upasuaji ukaondolewa kwenye ratiba.

Bwana Huenda hakupiga. Alitii, mjinga yule, jambo pekee ambalo hakutakiwa kutii. Daktari akashinda akiitazama simu yake, akiigeuza kifudifudi, kisha akiigeuza tena kuona kama imewaka. Wote wawili walikuwa wanajua kwamba siku zinakwenda, na kwamba ndani ya kichwa cha msusi mmoja mfupa unaota taratibu. Na kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Shangazi hakungoja. Alivaa gauni lake la zambarau la kwendea harusini, akajifunga kilemba, akaja kliniki bila miadi na kuingia ofisini kwa daktari bila kugonga.

"Mmegombana," alisema, na dirisha likatetemeka, maana hakujipimia tena sauti. "Mpwa wangu nyumbani hali chakula, hanyoi ndevu. Gombaneni, mna haki. Sikio langu limewakosea nini?"

Daktari alishika simu na kumwandikia: *Picha ilikuwa mbaya, mama. Ina mistari miwili.*

Shangazi alisoma, akainua mabega. "Hiyo mashine yenu nayo haina maana. Wameniingiza kwenye tundu, mkanda umebana paji la uso, nimelala zangu. Mara namwona kijana wa dirishani anafungua mdomo. Anasema na mimi. Sasa mtu akisema nawe utalala kama gogo? Nikageuza kichwa nimuulize: unasemaje, mwanangu? Akapunga mkono, nikalala. Akafungua mdomo tena, nikageuka tena. Mtoto ana maneno yule!"

Daktari aliweka simu mezani. Kisha akaanza kucheka, cheko la kukosa pa kushika, machozi yakamtoka. Walimwambia kiziwi kwa kipaza sauti: mama, usitikisike. Katika hospitali yenye idara ya masikio! Fundi wa mashine alisema maneno anayowaambia wote, msomaji akaona mistari miwili akaogopa kuuliza, na yeye, daktari mzima, aliambiwa mapema kwamba huenda mgonjwa alitikisika, akadhani ni yale yale ya kila siku.

Aliandika: *Kosa ni letu sote, mama.*

"Najua," alisema shangazi. "Nenda kamwambie na huyo mwingine."

Chumba cha kusomea picha kilikuwa baridi na giza, skrini tu zikiwaka. Bwana Huenda alikuwa na ndevu kweli, na shati lake, ajabu ya mwaka, halikupigwa pasi.

"Alitikisika," daktari alisema akiwa mlangoni. "Walimtangazia kwa spika atulie. Naye akawa anageuka ajibu."

Bwana aliinua kichwa. "Kwa spika?"

"Kwa spika."

"Kiziwi?"

"Usirudie, nitakufa." Akavuta kiti, akakaa. "Uliandika kurudia picha, nikapuuza. Nimekosa. Lakini nawe sikiliza: ukisema huenda kwa kila kitu, siku ya simba hakuna atakayetoka nje na mkuki."

"Nilitaka kukuambia."

"Ulitaka kuniambia nini? Sasa hivi, bila kuzunguka."

Alivua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa. "Niliogopa. Nilijua kama nikikuambia usikate na konokono akafungwa, nitakuwa nimemnyima masikio. Na nikikuambia kata na uso wake ukaanguka, nitakuwa nimemharibu. Nikatafuta mtu mwingine wa kulisema neno. Hilo ndilo nililofanya, na ni aibu."

Tangu waanze kujuana, hii ilikuwa mara ya kwanza kwa daktari kusikia sentensi za mtu huyu zikifika mwisho.

"Mrudishe kwenye mashine leo," alisema. "Mimi nitakaa dirishani. Wewe ingia naye ndani."

Bwana Huenda alivaa ile aproni nzito ya madini ya risasi ya kukinga mionzi, inayomfanya mtu mwembamba aonekane mfuko wa saruji, akasimama pale shangazi anapoweza kumwona. Alimshika mkono. Kila meza iliposogea, aliweka kidole mdomoni, na shangazi, ambaye katika maisha yake hakuwahi kunyamazishwa na mtu, alinyamaza. Nyuma ya kioo daktari aliwatazama: mwanamume mzito wa aproni, kidole mdomoni, macho hayatoki kwenye uso wa mama yule. Hasira yake yote ilikuwa bado ipo. Aliitafuta tu akaikuta imekaa pembeni.

Picha zilitoka safi. Walikaa bega kwa bega mbele ya skrini, kipande baada ya kipande, wakishuka ndani ya mfupa kama watu wanaoshuka ngazi ya nyumba wasiyoijua. Bwana alipaka neva rangi ya njano kwenye kila kipande, mfereji wa konokono akaupaka samawati, mpaka mashine ikaunganisha yote na sikio likazunguka mbele yao kama kitu cha kioo.

"Neva ni moja," alisema. "Lakini haijakaa mahali pake. Imetoka nje, imelala juu ya njia yako ya kawaida. Ukipita ulivyozoea, utaigusa."

Daktari alitazama ile njano. Tarehe aliyopanga mwanzo ilikwisha kupita, na siku hiyo angepita alivyozoea.

"Nipite wapi?"

"Chini yake. Hapa, ukijibana upande wa kiwambo cha sikio. Na mlango wa konokono umeanza kufungwa, unaona huu weupe? Nyuma yake bado kuko wazi. Ukingoja tena hakutakuwa wazi."

"Unaniambia nikate?"

Bwana Huenda aliiacha skrini, akamgeukia. "Nakuambia ukate. Wiki hii."

Siku ya upasuaji, daktari alifika mahali pa mlango, akakuta ukuta. Ilikuwa kama picha ilivyosema, lakini picha ni picha na mfupa ni mfupa: mbele yake palikuwa peupe patupu, hakuna alama, hakuna ufa. Neva aliikwepa, ilikuwa palepale penye njano, na mashine inayolia neva ikiguswa haikulia. Sasa keekee ilikuwa mkononi na hakujua ielekee wapi.

"Nipigieni chumba cha giza," alisema. Nesi akaiweka simu kwenye spika.

"Nipo," ilisema sauti.

"Mlango siuoni. Mfupa mtupu. Niende wapi?"

Daktari wa usingizi aliacha kugusa vitufe vya mashine yake. Upande wa pili kilisikika kipanya cha kompyuta kikibofya, kikabofya.

"Mbele," alisema Bwana Huenda. "Elekea puani kwa mgonjwa. Mfupa utakuwa mgumu kidogo, halafu utalainika kama chaki. Nenda kiasi cha punje ya mchele. Hapo pana uwazi."

"Na nikipita punje?"

"Usipite. Mbele ya hapo kuna mshipa mkubwa wa damu."

"Una hakika?"

Nesi alimtazama mwenzake juu ya barakoa.

"Nina hakika. Nikikosea, kosa ni langu. Wewe chimba."

Keekee ikalia kwa sauti yake ya nyuki. Mgumu. Mgumu bado. Kisha ncha ikaanza kutoa unga laini, mweupe, na daktari akapunguza mkono mpaka ikawa kama anampapasa mtoto. Kitundu cheusi kikatokea, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti.

"Pamefunguka," alisema.

Kutoka kwenye simu ulitoka mlio ambao si neno.

"Waya unaingia. Unaingia."

"Wote?"

"Nyamaza, mpenzi, niache nisikie mkono wangu." Kisha, baada ya muda uliowazeesha watu wa pande zote mbili: "Wote."

Daktari wa usingizi akakohoa. "Daktari, spika bado iko wazi. 'Mpenzi' tumeisikia."

"Basi mmesikia," alisema daktari. "Nipe uzi."

Kidonda kiliachwa kipone kwanza. Siku ya kuwasha kifaa, shangazi aliketi kwenye chumba kidogo chenye zulia ukutani, gauni la zambarau tena, uso wake mzima, pande zote mbili zikikunjamana sawasawa kwa wasiwasi. Mtaalamu wa sauti, dada mmoja mpole, alimbandika kifaa nyuma ya sikio, akagusa kompyuta yake.

Shangazi aliruka. "Yesu na Maria! Nani anapiga debe?"

"Ni mimi, mama. Naongea," alisema mtaalamu.

"Ndiyo sauti yako? Pole mwanangu!"

Wote wakacheka, naye akajishika mdomo, maana cheko nalo alilisikia, likigongana kama vijiko kwenye ndoo. Mtaalamu alieleza kwamba ndivyo huanza, kwamba ubongo utazoea, sauti zitarudi kuwa za watu. Kisha akamwomba Bwana Huenda asimame nyuma ya kiti, shangazi asiione midomo yake, amwambie kitu.

"Niseme nini?"

"Chochote."

Alisimama, mikono haina pa kukaa. Daktari, ameegemea mlango na kofia yake ya maua, alikunja uso: sasa na hili nalo litamshinda!

"Shangazi," alisema, "nataka kumuoa daktari wako."

Mtaalamu alisahau kompyuta yake. Daktari aliacha kuegemea mlango.

Shangazi aliinamisha kichwa upande. "Rudia."

"Nataka kumuoa daktari wako."

"Paza. Sema kama mwanaume."

"Shangazi! Nataka kumuoa daktari wako! Nampenda, nataka nimuoe mwaka huu!"

Watu wa korido walichungulia. Shangazi aligeuka polepole kwenye kiti, macho yamejaa maji, mdomo umejaa kiburi.

"Mara ya kwanza nilisikia," alisema. "Nilitaka uzoee."

"Samahani jamani," daktari aliingilia, mikono kiunoni, "mwenye kuolewa ni mimi au ni shangazi? Mbona mimi sijaulizwa? Miezi yote hii nina masikio mawili mazima na hakuna aliyeyatumia!"

Bwana Huenda akamgeukia. Alikuwa amenyoa, na shati lilipigwa pasi. "Utaolewa na mimi?"

Daktari alifungua mdomo amjibu inavyompasa, kwa yote aliyomtesa, na alikuwa na mengi. Nesi akatokeza kichwa: mgonjwa amelazwa mezani, wanamsubiri.

"Nakuja!" alisema daktari. Akamshika bwana kola, akaiharibu ile pasi yote, akambusu shavuni. "Ndiyo. Na jioni uje unichukue, na usichelewe, nitakuwa na njaa." Akatoka mbio, na mlango ukajifunga nyuma yake kwa kishindo, bawaba zikalia kama mbuzi.

Shangazi alifumba macho. Alishika kifaa kwa vidole viwili.

"Huo mlango," alisema. "Unalia hivyo siku zote?"

"Siku zote, shangazi."

"Na mnaishi nao tu," alisema, akanyanyuka kwenye kiti. "Nileteeni mafuta."